Kiti cha Baba Mwema wa Nyumba

Kesi haikuweza kuanza mpaka kila mtu akitazame kile kiti kitupu. Ndiyo desturi ya mji huo usio na jina. Wenyeji wake husema jina nalo ni mali, na kila mali lazima iwe na mwangalizi, sasa nani angekubali dhamana ya kuangalia jina la mji mzima? Basi wanauita "hapa". Mgeni akiuliza hapa ni wapi, humwonyesha ardhi aliyoikanyaga. Tusiwacheke mapema, maana hata sisi hatujui zaidi ya hapo.

Kiti chenyewe kina miguu mitatu, kimechongwa kwa mti mweusi, na kimewekwa katikati ya ukumbi, mahali ambapo kwingine angekaa hakimu. Hakijawahi kukaliwa na mtu. Sheria ya mji ilitoka Rumi, na Warumi walipofunga virago wakaenda walikokwenda, waliacha nyuma mtu mmoja ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ni mwanamume wa makamo mwenye nyumba yake, akili ya wastani, si shujaa wala si goigoi, mwenye kufunga mlango akitoka na kufunika moto akilala. Anaitwa Baba Mwema wa Nyumba. Kitu kikiharibika mikononi mwa mtu, huulizwa: je, Baba Mwema angefanyaje? Na watu wote hukigeukia kiti, na kila mmoja humwona mtu amekaa pale. Wengi huwaona baba zao. Wengine hujiona wenyewe, na hao ndio wa kuogopwa.

Mwajabu binti Hemedi, mfumaji wa mikeka, alikitazama asubuhi ile akaona mti tu. Alikaza macho, akapepesa, akakaza tena. Hakuna mtu. Akaona haya, akainamisha kichwa kama walivyofanya wenzake, ili waone kwamba naye ameona.

Mpimaji aliingia. Mji huo hauna hakimu, una Mpimaji, na umri wake haujulikani kwa sababu haukai. Wapo waliomwona akiingia kikongwe akatoka kijana, na wapo walioapa kwamba asubuhi moja alipunguka mpaka miguu yake ikawa haifiki sakafuni. Siku hiyo alikuwa mwanamke wa rika la Mwajabu, hana hata mvi moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alikaa chini kwenye mkeka, mbele ya kiti, akamwashiria mlalamikaji aseme.

Mlalamikaji alikuwa Mzee Kirobo, jirani wa Mwajabu, ukuta kwa ukuta. "Mheshimiwa," alisema, "nilisafiri. Kabla sijaondoka nilimpelekea huyu mwanangu kibuyu cha mbegu. Mtama mwekundu, ule wa baba yangu, na wa baba yake. Hapa hapana tena mbegu ile. Nikamwambia, niangalizie. Akanijibu, weka hapo, baba. Nimerudi, nimefungua, ni ukungu mtupu. Hata moja haioti. Nimezijaribu zote, mojamoja, kwenye pamba yenye maji."

"Ulisafiri muda gani?"

"Misimu miwili."

Karani alinong'ona kwamba kwa kumbukumbu za mji ilikuwa misimu kumi na mmoja. Mzee aliapa ni miwili, karani akaapa ni kumi na mmoja, na Mpimaji akaandika yote mawili, kwa maana muda wa anayesubiriwa na muda wa anayesubiri haujawahi kulingana, na sheria ile ilikuwa imekata tamaa ya kuupatanisha.

"Mwajabu," Mpimaji aliuliza, "alikulipa chochote?"

"Hapana, mama."

"Ulikitumia kibuyu kwa faida yako?"

"Hapana."

"Basi hii ni amana ya wema." Mpimaji aliwageukia watu, akasema kwa sauti ya kufundisha, bila haraka. Aliyeazima kitu kwa raha yake hupimwa kwa Baba Mwema na zaidi. Lakini aliyekubali kumwekea mwenzake, bila kupata kitu, hapimwi kwa kiti. Hupimwa kwa nyumba yake mwenyewe. Kama vyake huviacha hovyo, na cha jirani akakiacha hovyo vilevile, hana kosa; mwenye mali ailaumu akili yake iliyomchagua mzembe. Lakini kama ni mtu wa kutunza vyake, kisha cha mwenzake akakitunza chini ya hapo, huo si uzembe tena. Amevunja uaminifu.

Na adhabu ya kuvunja uaminifu kila mtu hapa anaijua. Hung'olewa mlango. Huja watu wawili na mtaimbo, wakautoa mlango pamoja na bawaba na fremu yake, na nyumba hubaki wazi maisha yote ya mwenyewe. Kuku wa watu huingia. Mvua huingia. Anayepita barabarani hukuona unakula na hukuona umelala, na hakuna atakayekuachia tena hata ufunguo, hata mtoto wa kushika dakika moja. Katika mtaa wa Mwajabu palikuwa na mzee mmoja aliyeishi hivyo, na mwisho wake alizoea kulia akiwa ameupa mgongo ule uwazi. Mwajabu alikuwa amewaza juu ya mgongo wa yule mzee tangu alipoitwa mahakamani.

Wakaguzi walisoma walichokikuta nyumbani kwake. Paa linavuja pembe mbili. Mbuzi hana kamba. Mikeka mitatu iliyoanzwa, haikumalizwa. Kibuyu cha mlalamikaji kilikutwa sakafuni, pembeni mwa mtungi wa maji, na ubavuni mwake kibuyu cha mwenye nyumba, cha mbegu zake mwenyewe, nacho kimeoza. Hakuna kilichotundikwa juu ya moshi wa jiko, kama watu wote wanavyotundika mbegu.

Minong'ono ilipita ukumbini, na Shemeji Mwinjuma, aliyekuwa msemaji wake, alimbana mkono chini ya mtandio. Mwinjuma alikuwa mume wa dada yake, mtu mnene mwenye moyo mzuri na mdomo usiopoa. Ilikuwa dhahiri kwake kwamba kesi imekwisha. Vibuyu viwili vimeoza pamoja kama ndugu. Nani tena angesema alikipendelea chake?

Lakini Mpimaji hakuandika. "Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini, Mheshimiwa?" Mwinjuma alisimama.

"Tangu lini yeye ni hivi? Sheria inauliza tabia, haiulizi hali. Mzembe ni yule ambaye uzembe ndio maumbile yake. Aliyekuwa mtunzaji akaacha kutunza, huyo anajua njia na ameiacha. Namtaka mtu huyu kabla ya paa kuvuja."

Mwinjuma aliketi taratibu. Akainama sikioni mwa shemeji yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika. "Shemeji," alisema, "itabidi niseme habari ya kisima."

"Usiseme."

"Ndiyo itakayokuokoa."

"Shemeji, nimekuomba."

"Mlango, Mwajabu. Utaishi bila mlango."

Hakujibu, na Mwinjuma akachukua ukimya ule kuwa ruhusa, kama wanavyofanya watu wanaotupenda. Alisimama, akarekebisha kofia yake. "Mheshimiwa, miaka saba iliyopita mdaiwa alikuwa na mtoto. Zamda, wa miaka minne. Nyumba yake ina kisima uani. Siku ya tetemeko mtoto alikutwa humo. Mama alikuwa barazani anafuma mkeka. Sasa mimi nauliza, kwa masikitiko, mimi ni baba mkubwa wa yule mtoto: mtu aliyeshindwa kukiangalia kisima chake akiwa na mwana wa miaka minne, huyu alikuwa mwangalifu lini? Hajabadilika. Ndivyo alivyoumbwa. Hakumtunza hata wake."

Aliketi, na machozi yalikuwa yakimtoka. Ukumbi mzima ulikitazama kiti.

Kuna jambo juu ya uangalifu ambalo Warumi, pamoja na akili yao yote, hawakulisema, au walilisema kwenye jiwe mojawapo la sheria zao, lililovunjika njiani likiletwa hapa. Uangalifu hauonekani. Chungu kisipovunjika, hakuna anayesema tazama jinsi kisivyovunjika. Mtoto akirudi kutoka uani na magoti yake mawili, hakuna anayeyahesabu. Mama huamka, hufunga, hufunika, husogeza, huzuia, mara elfu kwa siku, na yote hayo huyeyuka jua likizama kana kwamba hakufanya kitu. Kisha mara moja kitu kinatokea, na watu wote huja kuutafuta uangalifu mahali pale ambapo hauwezi kuonekana. Wanatazama shimo na kuuliza mfuniko ulikuwa wapi.

Kwa miaka saba hakuna aliyemuuliza Mwajabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake, na haikuandikwa popote. Mtu hashtakiwi kwa cha kwake mwenyewe; hakuna mlalamikaji, kwa hiyo hakuna kesi, kwa hiyo hakuna hukumu, si ya kufunga wala ya kufungua. Watu walikuja msibani, wakasema ni mapenzi ya Mungu, wakala, wakaondoka. Mumewe alisema hivyo hivyo, na siku ya arobaini yeye pia akaondoka. Wala hakumlaumu. Laiti angemlaumu, angemjibu. Mwajabu alibaki na swali moja, na kwa sababu hakuna aliyeliuliza, alijiuliza mwenyewe wakati wa kula, wakati wa kufuma, wakati wa kusikia mvua pembeni mwa paa.

Nilifunika. Nilifunika kila siku. Siku ile je? Mbao nne, kamba. Jiwe la kusagia juu yake. Niliburuta jiwe. Hiyo ni jana yake. Hiyo ni kila siku. Mkono unakumbuka kuburuta lakini mkono haujui tarehe. Nilichota maji asubuhi. Nikafunika. Au Zamda aliniita nikageuka. Alikuwa ananiita kila wakati. Ardhi ilipotikisika alikuwa wapi? Alikuwa ameshaingia? Jiwe, mama. Ulirudisha jiwe?

Jikoni kulianguka siku ile, na majirani walizoa kifusi chote wakakitupa korongoni. Jiwe hakuliona tena. Huenda lilikwenda na kifusi. Huenda liko chini. Kisima kiliporomoka ukingo wake, wakamtoa mtoto kwenye udongo, wakaacha vilivyobaki humo, wakapigilia mbao. Hakuna aliyepagusa tena.

"Si kweli," Mzee Kirobo alisema.

Alikuwa amesimama bila kuitwa. Mpimaji alimruhusu kwa kidole.

"Si kweli hata kidogo, na huyu Bwana Mwinjuma anajua si kweli. Mimi ni jirani. Kila asubuhi baada ya kuchota maji alikuwa anaburuta jiwe la kusagia kutoka jikoni mpaka kisimani. Lilikuwa linakwaruza sakafu, krrr, krrr, nikawa naamka nalo. Nililalamika. Nilimwambia, mwanangu, jiwe hilo litanitoa roho. Akanijibu, baba, nisamehe, mfuniko ni mwepesi na mtoto ana nguvu. Kila asubuhi. Hakukosa. Mwenzangu huyu alitunza mpaka akanikosesha usingizi. Nilipotafuta pa kuweka mbegu, nilipita nyumba nne zenye paa zima. Nikaja kwake kwa sababu ya jiwe lile."

Mwajabu alimtazama. Adui yake alikuwa anasema maneno aliyoyangoja miaka saba, na aliyasema ili amng'olee mlango. Hakujua amchukie kwa lipi.

"Mbona hukuniambia, baba?" aliuliza, akasahau kwamba mdaiwa haulizi.

"Hukuniuliza, mwanangu. Nikadhani unajua."

Mwinjuma alisimama tena. Sasa alikuwa mkali. "Anasema hivyo ashinde kesi yake, Mheshimiwa. Na mimi nina swali moja. Mzee, siku ya tetemeko ulilisikia jiwe?"

Mzee Kirobo alifungua mdomo. Uongo ulikuwa hapo mbele yake, mdogo, hauna shahidi. Aliufunga tena mdomo. "Siku ile nilitoka alfajiri kwenda shamba," alisema. "Sikulisikia."

Mpimaji aliweka kalamu. "Basi anayejua ni kisima," alisema. "Kama jiwe liko juu ya mbao za mfuniko, chini ya mawe ya ukingo, alifunika, na kilichomchukua mtoto ni nguvu isiyozuilika na mtu, hata aliyekaa kwenye kiti hiki. Kama haliko, hakufunika. Lakini kisima cha msiba hakifukuliwi mpaka mama aseme."

Mzee Kirobo alimtazama jirani yake kwa muda, na kitu kilivunjika usoni mwake. "Mheshimiwa," alisema polepole, "naondoa kesi. Mbegu hazirudi. Sikuja hapa kufukua mtoto."

"Mungu ashukuriwe," Mwinjuma alisema, akashusha pumzi. "Inuka shemeji, twende nyumbani. Inuka."

Mwajabu hakuinuka. Mlango wake ulikuwa salama, na pumzi ya faraja ilimpita kifuani, ilimpita kweli. Angeweza kurudi, akafunga, akakaa ndani na swali lake. Na swali lingekaa naye, likila naye sahani moja, mpaka mmoja wao afe. Aliogopa. Kama jiwe haliko, basi yeye ndiye. Hakutakuwa tena na labda. Alikuwa ameishi ndani ya labda hiyo miaka saba, ilikuwa mbovu na yenye kuvuja, lakini ilikuwa paa.

"Akiondoa kesi," alimwuliza Mpimaji, "hamtapima?"

"Hatutapima."

"Baba Kirobo, usiondoe. Nakuomba."

"Mwanangu—"

"Fukueni," Mwajabu alisema.

Watu wanne walitumwa. Juu ya kungoja kwenyewe masimulizi yanagongana, na mimi sitayapatanisha. Karani aliandika kwamba ilikuwa asubuhi moja. Walioketi karibu na dirisha walisema walikiona kivuli cha dirisha hilo kikizunguka sakafu mara nyingi, na kwamba Mpimaji alizeeka mbele yao, nywele zikaota mvi kuanzia masikioni, mgongo ukapinda, mpaka akalazimika kuegemea mguu mmoja wa kiti. Mwinjuma alisema maneno ya kumtuliza shemeji yake, kisha yakamwishia, na hilo halikuwahi kumtokea. Mzee Kirobo alikuja akakaa upande wa mdaiwa, jambo lisiloruhusiwa, na hakuna aliyemkataza.

Mwajabu alisikiliza. Alijaribu kumkumbuka Zamda na hakuweza; uso uliokuja ulikuwa wa mtoto yeyote. Alijaribu kuomba, akagundua hajui aombe nini, kwa maana jiwe lilikuwa limeshakuwa lilipo tangu miaka saba, na hakuna dua ya kurudi nyuma. Akawaza: ninaomba niwe nilikuwa nimefunika. Hiyo tu. Niwe nilikuwa.

Walirudi wamejaa udongo mpaka nyusi. Wawili walikuwa wamebeba kitu kwenye gunia, wakakiweka chini, na sakafu ikatoa mlio. Mmoja wao, mwanamke mrefu aliyekuwa kiongozi wao, alifungua gunia. Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kwa miaka ya mtama.

"Lilikuwa wapi?" Mpimaji aliuliza kwa sauti ya kikongwe.

"Juu ya mbao, mama. Mbao nne, zimevunjika katikati, zimevunjwa na hili hili lilipotelemka nazo. Kamba bado imefungwa. Mawe ya ukingo yalikuwa juu ya vyote."

Mwinjuma aliufunika uso wake kwa viganja. Alikuwa ameshindwa kesi, na alikuwa amemwita mzembe mama aliyefunika, mbele ya watu, na akajua kwamba haya mawili hayatamwacha. "Nisamehe, shemeji," alisema ndani ya viganja. "Nilitaka kukuokoa tu."

Mwajabu alimsikia kwa mbali. Alikuwa ametambaa mpaka kwenye jiwe na kuliwekea mkono.

"Mwajabu binti Hemedi," Mpimaji alisema, "kabla sijasoma. Sababu ya kibuyu kukaa sakafuni unaitaja?"

"Nilikuwa na huzuni, mama. Kutundika kitu juu nilishindwa. Mikono ilikataa."

"Sheria haina kipimo cha huzuni. Nimekitafuta." Mpimaji alionekana kama mtu aliyekitafuta kwa ajili yake mwenyewe pia. "Karani, andika."

Karani aliandika, akakausha wino kwa kupuliza, akasimama. Alikuwa mtu wa kusoma haraka, wa kuyamaliza mambo. "Imepimwa kwamba Mwajabu binti Hemedi alikuwa mwangalifu wa vyake, na mtoto wake Zamda alimtunza kama inavyotakiwa. Imepimwa kwamba kibuyu cha jirani alikiweka kwa uangalifu ulio pungufu ya huo. Amevunja amana. Mlango wake ung'olewe leo."

Wenye mtaimbo walikuwa tayari mlangoni. Waliinuka. Mzee Kirobo alisema subirini, lakini wao walikuwa na nyumba nyingine mbili za kwenda siku hiyo.

"Karani," Mwajabu aliita. "Soma tena."

"Hukumu haibadiliki ikisomwa tena, mama."

"Najua. Nisomee."

"Yote?"

"Ile ya kwanza."

Karani alimtazama Mpimaji, na Mpimaji, ambaye sasa alikuwa mzee kiasi cha kutoweza kuinua kichwa, alipunga mkono. Karani akasoma tena, safari hii taratibu, neno kwa neno, na alipofika kwenye jina la mtoto alitua. Mwajabu alilia. Alilia kwa sauti, uso wazi, mbele ya watu wote, na hakumpa mtu mgongo. Wenye mtaimbo walisimama wakamngoja amalize.